Mchi Wenye Vichwa Viwili

Mchi wa Carolina una vichwa viwili. Umenenepa juu na chini, ukakonda katikati pale mkono unaposhika, na kiuno hicho ndicho kinachotoa habari zake: mti umelika kwa viganja, umelainika, rangi imekolea kwa jasho la watu ambao majina yao yaliandikwa katika daftari la mali tu, ukurasa mmoja na ng'ombe na majembe. Kichwa kimoja ni cha kuvunja ganda. Cha pili ni cha kung'arisha punje baada ya ganda kutoka. Kinu chake ni gogo la msonobari au la sipresi lililochimbwa kwa moto na patasi, likakwanguliwa mpaka likapata tumbo. Vinu na michi ya aina hii imehifadhiwa katika makumbusho ya pwani ya South Carolina na Georgia, huko Marekani, na mtu aliyekulia Rufiji au Kilombero akisimama mbele yake hana haja ya kusomewa maelezo. Mabega yake yanajua. Anajua wapi pa kushika na mguu gani utangulie, na anajua kwamba wawili wakitwanga kinu kimoja hawagongani kwa sababu kila mmoja anaisubiri pumzi ya mwenzake.

Kutwanga mpunga kunataka kipimo kuliko nguvu. Ukiupiga kwa pupa unaambulia chenga. Ukiulegezea, nusu ya maganda yanabaki na chakula kinakwaruza koo. Mchi unatakiwa ushuke, na ukifika penyewe uzungushwe kidogo, ili punje zisuguane zenyewe kwa zenyewe pasipo kupondeka. Hapo ganda huachia na punje hubaki nzima. Halafu ungo: kurusha, kudaka, kuuachia upepo makapi, kuzipekua pumba kwa ncha za vidole. Katika vijiji vya pwani ya Afrika Magharibi, tangu Senegambia kushuka hadi Sierra Leone na Liberia, huu ulikuwa ujuzi wa wanawake. Binti aliupokea kwa mama yake akiwa bado mdogo, na kazi yenyewe ilifanywa alfajiri, kwa kiasi cha kulisha nyumba siku hiyo. Mlio wa mchi asubuhi ulikuwa habari njema kwa jirani: nyumba ile leo wanakula.

Kitendo hichohicho, kwa chombo hichohicho, kwa mwendo uleule wa bega, kilivukishwa Bahari ya Atlantiki kikawa mauti. Jambo hili halinitoki akilini. Kinu hakikubadilika, wala mpunga haukubadilika. Wahenga walisema mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali, na waliweza kusema hivyo kwa sababu kwao aliyetwanga na aliyekula walikaa mkeka mmoja. Watenganishe hao wawili kwa bahari na kwa sheria, mmoja awe mali ya mwingine, kisha tazama kinachotokea kwa ile kazi ya alfajiri.

Waingereza waliuanzisha mji wa Charleston mwaka 1670, wengi wao wakitokea Barbados pamoja na watumwa wao. Walijaribu mazao kadhaa kabla ya mpunga kushika. Hadithi inayosimuliwa zaidi huko inasema kwamba miaka ya 1680 meli iliyotoka Madagaska ilitia nanga Charleston, na nahodha wake, John Thurber, akampa Dkt. Henry Woodward mfuko wa mbegu. Hadithi nzuri, na kwetu sisi wa Bahari ya Hindi ina utamu wake. Lakini mfuko wa mbegu haulimi. Mtu akipewa mbegu asiyoijua, katika kinamasi asichokijua, hana tofauti na aliyepewa ufunguo bila nyumba. Hadithi inamtaja nahodha na inamtaja daktari, halafu inanyamaza pale hasa tunapotaka kujua nani alisimama ndani ya maji, akaangalia udongo, akasema hapa patafaa, pale hapafai.

Walikuwepo waliojua. Mpunga wa Afrika, ule wenye punje nyekundu nyekundu, ulikuwa umelimwa katika bonde la mto Niger maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote ya Ulaya kufika Guinea. Wabaga na Wajola walijenga matuta kwenye mikoko, wakaizuia chumvi, wakaosha udongo kwa maji ya mvua, wakaweka magogo yenye uwazi chini ya matuta ili maji yaingie na kutoka kwa amri yao. Wanahistoria wamebishana sana juu ya jambo hili. Peter Wood, Daniel Littlefield na Judith Carney wamesema kwamba ujuzi wa Waafrika ndio uliouweka msingi wa mashamba ya Carolina. David Eltis, Philip Morgan na David Richardson, mwaka 2007, walijibu kwamba hesabu za meli hazionyeshi wenye mashamba wakiwatafuta wakulima wa mpunga kwa makusudi kiasi hicho, na kwamba walowezi nao walijaribu na kujifunza. Mimi nasema hivi: tazama miguu. Katika mashamba ya Carolina mbegu ilipandwa kwa kisigino, shimo likafunguliwa kwa kisigino na kufunikwa kwa wayo, kama ilivyofanywa Afrika Magharibi. Mbegu nyingine zilipakwa udongo wa mfinyanzi zisielee maji yakifunguliwa, na vijana walizikanyaga kwa miguu mitupu mpaka udongo ukashika. Na ungo wa kupepetea ulisukwa kwa kuzungusha matete na kuyashona, kwa mkono wa Kiafrika usio na shaka. Mwenye shamba anaweza kuandika kitabu cha kilimo. Kisigino hakijifunzi kutoka kitabuni.

Huko Suriname, wajukuu wa watumwa waliotoroka wakaingia msituni wanasimulia kwamba bibi zao walizificha punje za mpunga katika nywele walizosukwa, wakazipitisha hivyo mbele ya macho ya walinzi. Carolina wenyewe wana kumbukumbu ya namna nyingine, iliyotoka kwenye karatasi za wauzaji. Mwaka 1756 meli iitwayo Hare ilifika Charleston ikitoka Sierra Leone. Aliyewauza watu wake alikuwa Henry Laurens, mfanyabiashara mkubwa ambaye baadaye aliongoza Bunge la mapinduzi la Marekani. Miongoni mwa walionunuliwa alikuwemo mtoto wa kike aliyekadiriwa kuwa na miaka 10. Mnunuzi, Elias Ball, alimpa jina la Priscilla na kumpeleka kwenye mashamba ya ukoo wake kando ya mto Cooper. Miaka 10: umri ambao binti wa kwao tayari angekuwa amesimama kwenye kinu, mchi ukimzidi urefu. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa. Kwa kuwa daftari za ukoo wa Ball zilihifadhiwa, mjukuu wake wa kizazi cha saba aliweza kurudi Sierra Leone mwaka 2005, akapokewa kama mtu aliyekuwa akingojewa.

Mwanzoni mpunga ulilimwa ndani zaidi, kwenye vinamasi vya bara, kwa maji ya mvua na mabwawa. Katikati ya karne ya 18 mashamba yalisogea kando ya mito inayopokea kujaa na kupwa, mahali palipo mbali na bahari kiasi cha chumvi kutofika, lakini karibu kiasi cha mto kuinuka na kushuka pamoja nayo. Cooper, Santee, Waccamaw, Combahee, Savannah, Altamaha: huo ndio ukanda wenyewe. Kwanza walikata misitu ya sipresi iliyosimama majini, wakang'oa visiki, wakachimba mifereji, wakainua matuta, kwa jembe na sepetu, wakiwa ndani ya tope lenye nyoka na mamba. Mwanaakiolojia Leland Ferguson alipima mkono mmoja tu wa mto Cooper akakuta matuta yenye urefu wa zaidi ya maili 55, udongo ambao watu waliubeba kwa vikapu na mikono. Ukitazama picha zilizopigwa kutoka angani leo bado unayaona, miraba kwa miraba, na mtu asiyejua angedhani ni kazi ya mashine.

Ndani ya matuta hayo palikuwa na milango ya maji, na hapa nataka tukae kidogo. Kila mmoja ulikuwa sanduku refu la mbao za sipresi, limezikwa chini ya tuta kutoka upande wa mto hadi upande wa shamba, na kila mwisho lina mlango unaoning'inia. Maji yakianza kujaa, mlinzi wa milango huinua ule wa nje. Mto unasukuma, mlango wa ndani unajifungua wenyewe, maji matamu yanaingia shambani. Yakianza kupwa, maji ya shamba yanataka kurudi mtoni, yanaugandamiza mlango wa ndani, unajifunga. Akitaka kukausha shamba, anafanya kinyume chake. Mtu wa Lamu au Pemba, anayeishi kwa bamvua na maji mafu, ataelewa mara moja akili iliyomo humo: mwezi wenyewe unafanywa kibarua. Mlinzi wa milango alikuwa mtumwa. Ilimbidi ajue mwezi una siku ngapi, upepo unatoka wapi, ukame umeiruhusu chumvi kupanda mto hadi wapi. Akikosea usiku mmoja, chumvi inaingia na mavuno ya mwaka yanaungua. Bwana wake alilala Charleston akimtegemea mtu huyo kwa utajiri wake wote, na sheria ya nchi ikasema mtu huyo hana akili ya kumiliki hata nafsi yake.

Mwaka ulizunguka hivi. Desemba hadi Februari ilikuwa kazi ya tope: kusafisha mifereji na kuziba matuta, miguu ndani ya maji ya baridi kali. Machi na Aprili kulima na kusia, kisha milango inafunguliwa ili mbegu iote. Baada ya hapo maji yanaingia na kutoka kwa zamu, na kati ya maji na maji watu wanapalilia chini ya jua, matope yakifika kwenye vifundo. Mwezi Mei na tena mwishoni mwa Agosti wanakuja ndege wadogo, makundi yanayosafiri kati ya kaskazini na Amerika ya Kusini, na hapo watoto na wazee wanatolewa kwenda kuamia, kutwa nzima wakipiga kelele. Septemba ni mundu. Mpunga unakatwa, unalazwa juu ya mabua ukauke, unafungwa miganda, unabebwa kichwani hadi kwenye matishari. Kisha kupura, kupepeta, kutwanga, kutia mapipani. Kabla mwaka haujafungwa, mifereji imeshajaa tope tena.

Kazi iligawanywa kwa ngwe. Ngwe ya kupalilia ilikuwa robo ekari, mraba wa futi 105 kila upande, na mnyapara, naye mtumwa, alitembea na mjeledi akikagua. Aliyemaliza ngwe yake siku ile muda uliobaki ulikuwa wake, tofauti na mashamba ya miwa au pamba ambako watu walifanya kazi kwa kundi tangu macheo hadi machweo. Nafuu ilikuwepo, sikatai. Katika saa hizo watu walivua samaki, walifuga kuku, walipanda bustani, na mwenye nguvu alivuka kumsaidia ndugu yake aliyezidiwa. Lakini ngwe ilikatwa na asiyeilima. Mwigizaji Mwingereza Fanny Kemble, aliyekuwa ameolewa na Pierce Butler, alikaa majira ya baridi ya 1838 na 1839 katika mashamba ya mumewe huko Georgia, akaandika shajara iliyochapishwa mwaka 1863. Humo anaeleza jinsi wanawake walivyomjia wakimsihi awaombee kwa mumewe jambo moja: baada ya kujifungua wapewe wiki nne za kupumzika badala ya tatu. Wiki moja. Wamebeba mimba ndani ya maji, wamezaa, wamezika, na dua yao kubwa mbele ya mwenye mali ni siku saba.

Sasa turudi kwenye kinu, maana ndicho kilichoua kimyakimya. Kabla ya mashine, mpunga wote uliotoka bandari ya Charleston ulitwangwa kwa mikono. Na ulitoka mwingi. Mwaka 1700 koloni ilisafirisha chini ya ratili nusu milioni. Mwaka 1740 zilikuwa zaidi ya milioni 40. Miaka michache kabla ya vita vya uhuru wa Marekani zilizidi milioni 60. Ulikwenda Uholanzi na Ujerumani, ukaenda Ureno ambako Wakatoliki waliula wakati wa Kwaresima. Karibu kila punje ya mzigo huo ilipita chini ya mchi. Kwa kuwa kutwa ilikuwa ya shamba, kinu kilipewa alfajiri kabla ya jua na usiku baada yake. Wanaume nao waliwekwa kwenye kinu, jambo ambalo kwao lingekuwa kituko. Na ule ujuzi wa wanawake, wa kuzungusha mchi ili punje ibaki nzima, ukageuzwa kuwa kipimo cha adhabu, kwa sababu sokoni Ulaya punje nzima ndiyo iliyokuwa na bei. Nzima zilikwenda kwenye mapipa. Chenga zilibaki kwa watwangaji. Mwaka 1755 daktari Alexander Garden wa Charleston, ambaye hakuwa adui wa utumwa, aliandika London kwamba kazi ya mpunga pale, na kinu kikiwemo, ilikuwa fedheha kwa ubinadamu. Aliyekuwa akiishi kati yao, akila mchele wao, aliliona.

Kuanzia mwaka 1787 fundi wa mitambo Jonathan Lucas alijenga kando ya Santee kinu kinachoendeshwa kwa maji, na baadaye vikaja vya mvuke. Mtu angetegemea kwamba hapo mabega yatapumzika. Mashine ilipochukua kutwanga, kilichoongezeka ni mashamba. Saa zilizookolewa kwenye kinu zilitumbukizwa kwenye tope.

Mchumia juani hulia kivulini, tunasema. Huko methali hii ilikatwa vipande viwili, kila kipande kikapewa watu wake. Kuanzia Mei mpaka baridi ya kwanza ya Novemba, wenye mashamba walihama na familia zao, wakakimbilia Charleston, kwenye misonobari ya bara au upepo wa bahari, wakiikimbia malaria iliyotoka kwenye maji waliyoamuru yafunguliwe. Waliobaki walibaki na mbu. Joshua John Ward wa Brookgreen alimiliki watu zaidi ya 1,000 mwaka 1850. Katika shamba la Gowrie, kwenye mto Savannah, mali ya Charles Manigault, mwanahistoria William Dusinberre alipitia daftari akakuta kwamba katika kila watoto kumi waliozaliwa, tisa hivi hawakufikisha miaka 16. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado akili inaikataa. Shamba lililoendeshwa kwa ustadi wa hali ya juu, hesabu zake zimenyooka, milango yake inafunguka kwa saa, na karibu kila mama ndani yake amezika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Na bado hawakuwa maiti. Septemba 9, 1739, kando ya mto Stono, kundi la watumwa lilivunja duka la silaha na kuanza kutembea kuelekea Florida ya Wahispania, ambako waliahidiwa uhuru. Walishindwa, na mwaka uliofuata sheria zikakazwa kuliko mwanzo. Wengine walipinga kwa vitu vidogo zaidi. Kwenye sakafu ya mito hiyo yamepatikana mabakuli ya udongo yaliyofinyangwa na watumwa, baadhi yana alama ya msalaba iliyochorwa chini, ambayo Ferguson aliihusisha na imani za Wakongo juu ya maji yanayotenga walio hai na waliokufa. Mwanaisimu Lorenzo Dow Turner, katika miaka ya 1930, alimrekodi Amelia Dawley wa Harris Neck, Georgia, akiimba wimbo ambao maana yake hakuijua. Ilikuja kubainika ni wa Kimende, wa mazishi, na miaka ya 1990 mwanamke aliyeufahamu akapatikana katika kijiji cha Senehun Ngola, Sierra Leone. Mama alimpa mtoto sauti bila maana, kwa kuwa maana ilikwisha kunyang'anywa, na sauti ikatosha kuwaunganisha.

Kuna mmoja ambaye msomaji wa Kiswahili hana budi kumjua. Mwaka 1822 Denmark Vesey alipopanga uasi mjini Charleston, mkono wake wa kulia alikuwa mtu mfupi aliyeitwa Gullah Jack, fundi wa dawa, aliyewagawia wenzake magando ya kaa kama kinga. Zephaniah Kingsley, mfanyabiashara aliyemnunua, aliandika kwamba Jack alikuwa mateka wa vita aliyenunuliwa Zanzibar, na kwamba alipanda melini na mfuko wake wa vifaa vya uganga, hakuuachia. Alinyongwa Julai 12 mwaka huohuo. Huyu hakuwa mtu wa shambani. Alikuwa mali ya mjenzi wa meli, katika mji ambao utajiri wake wote ulinuka mpunga. Mtu alinunuliwa Unguja. Basi kuna aliyemuuza. Pwani yetu iliyokuwa na karafuu za watumwa Unguja na Pemba, na mtama wa watumwa Malindi, haiwezi kuyasoma haya kama ya ng'ambo. Jack angeuona mchi wa Carolina angeutambua, na angewatambua wenye mashamba pia.

Mwaka 1859 Pierce Butler, amekaliwa na madeni, aliwaleta watu 436 kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Savannah wauzwe. Mnada ulichukua siku mbili, mvua ikinyesha, na fedha zilizopatikana zilizidi dola 300,000. Humo walikuwemo waliozaliwa kwenye mashamba aliyoyaeleza Fanny Kemble. Hakuna aliyekijua kinamasi kama wao, na walitawanywa kama mbegu zisizo na shamba.

Miaka minne baadaye, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, usiku wa kuamkia Juni 2, 1863, mashua za kivita za jeshi la Muungano zilipanda mto Combahee, kiongozi wake Kanali James Montgomery, na pamoja naye Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa, aliyekuwa amekusanya habari za mto ule kutoka kwa watumwa wenyewe. Watu walikuwa tayari mashambani wakipalilia. Walipoelewa meli zile ni za nani walikimbia kuteremka mtoni, zaidi ya 700, huku maghala na vinu vya mashine vikiwaka nyuma yao. Tubman alisimulia baadaye kwamba alimwona mwanamke amejitwika chungu cha wali kichwani, bado unatoa moshi, umetolewa jikoni wakati uleule. Mgongoni mtoto amemng'ang'ania, mkono mmoja umeshika paji la uso la mama yake, mwingine umo ndani ya chungu, anakula kwa nguvu zake zote. Mbele ya bunduki na moto, mama huyu hakuuacha wali. Aliulima, au waliulima wenzake, ukatwangwa, ukapikwa, na safari hii ukafika kinywani mwa mtoto aliyestahili.

Baada ya vita wengi walirudi kwenye mito hiyohiyo, maana ndiko walikozaliwa na ndiko walikozika. Lakini walirudi na masharti. Wenye mashamba walilalamika mno kwamba watu walioachwa huru hawataki kazi ya tope ya Desemba, na sioni ajabu: mfereji ulikuwa wa bwana, bustani ilikuwa yao. Huko Combahee wengi walikubali kumlimia mwenye ardhi siku mbili kwa wiki, zilizobaki wajilimie wenyewe. Kwenye visiwa vya pwani hiyo familia zilipanda vishamba vidogo vya mpunga mahali penye unyevu, wakautwanga kwa mchi uleule wa vichwa viwili, na ipo picha ya mwanzoni mwa karne ya 20, kutoka kisiwa cha Sapelo, inayowaonyesha bado wakitwanga. Mpunga wa biashara ulivumilia kwa shida, mpaka tufani za 1893 na 1911 zilipobomoa matuta ambayo hapakuwa tena na wa kulazimishwa kuyajenga.

Kabla ya tufani hizo, mwaka 1876, wafanyakazi wa mpunga wa Combahee waliweka chini majembe, na wakati wa mavuno wakaweka chini mundu. Walikuwa wakilipwa kwa vyeti vya karatasi vinavyokubaliwa kwenye duka la mwenye shamba pekee, kwa bei anayotaka yeye. Walidai fedha taslimu, na walipita shamba hadi shamba wakiwatoa wenzao kazini huku mpunga ukiiva na ndege wakishuka. Robert Smalls, aliyezaliwa mtumwa Beaufort na wakati huo mbunge wa Marekani, alikwenda mtoni kuzungumza nao, akawasihi wasipigane lakini hakuwaambia warudi kazini bila haki yao. Waliokamatwa walipelekwa Beaufort wakaachiwa, na wenye mashamba, wakiutazama mpunga ukipukutika majini, wakakubali kulipa fedha.